Uzio Uliochipua

Sehemu ya kumi na moja: Posa ukumbini

Kitambaa kilianguka, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Wiki nzima mmenisumbua, wasomaji wangu. Kuna aliyenisimamisha sokoni, kapu mkononi, akaapa kwamba ndani ya kile kifurushi kirefu cha Mama Asili kuna nyoka. Mwingine akaniambia ni bunduki, tena kwa sauti ya mtu aliyeiona. Mna mioyo migumu kweli! Ulikuwa muhogo.

Muhogo mzima, kuanzia majani mpaka mizizi. Na mizizi yenyewe ilikuwa minene kama mapaja ya mtoto anayenyonya vizuri.

"Haya, uoneni!" Mama Asili akasema, na kipaza sauti kikakwaruza kwa woga. "Mmeambiwa mihogo yetu imefika mwisho. Mmeambiwa bila maabara tutalala njaa. Mashamba yameoza mwaka huu, sibishi, hata la kwangu limeoza. Lakini huu umeota kwenye uzio wangu! Haukupuliziwa dawa, haukuchezewa vinasaba, nimeumwagia maji ya vyombo tu. Haujaoza hata unyuzi mmoja. Hii ndiyo asili, jamani!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wanawake wa chama cha kutunza mbegu, ambao Mama Asili ndiye mwenyekiti wao, walipanda juu ya viti vya plastiki. Mwalimu Mstaafu, aliyepewa kazi ya kuongoza mdahalo, aligonga kengele yake mpaka ulimi wa kengele ukachomoka na kuingia kwenye kikombe cha chai.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Alikuwa safu ya mwisho, chini ya kiti, akitafuta kalamu.

Hakuwa na kalamu. Hajawahi kuwa na kalamu.

Kwa mnaoingia leo, huyo chini ya kiti ni Spidi Arobaini, dereva wa pikapu ya kituo cha utafiti. Jina hilo alipewa kwa sababu haendeshi zaidi ya arobaini hata barabara iwe tupu kama kiganja. Na huyo Spidi anampenda fundi cherehani, binti pekee wa Mama Asili, kwa mapenzi ambayo hayamruhusu kula vizuri.

Msimu uliopita alipakia mashina ya mihogo ya majaribio, ile iliyobadilishwa vinasaba ili isishikwe na ugonjwa wa kuoza. Agizo lilikuwa moja: yapeleke shimoni yakachomwe, usisimame popote. Akasimama. Ng'ombe alikuwa ameangusha uzio wa Mama Asili, na mama mwenyewe alikuwa barabarani, mikono kiunoni. Kijana anayetaka kuoa hawezi kupita mahali kama hapo akapunga mkono tu akaenda zake. Spidi alishusha mashina yote, akajenga uzio bila kusema yametoka wapi.

Alijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba shina la muhogo ukilichomeka ardhini linachipua. Kwa hiyo alitumia akili. Aliyachomeka yote kichwa chini, miguu juu, akiamini kwamba shina lililopinduliwa litakufa kwa kizunguzungu.

Halikufa hata moja. Na sasa moja lilikuwa pale mbele, mezani, likishangiliwa.

*

"Mama, naomba niushike," sauti ya upole ikasema.

Alikuwa Dokta, mtafiti mkuu wa kituo, mwanamke mwembamba mwenye miwani, bosi wa Spidi na mtetezi wa mihogo ya vinasaba katika mdahalo huo.

"Shika, mwanangu," Mama Asili akajibu kwa ukarimu wa mshindi. "Shika ujifunze."

Watu wakacheka. Dokta akaugeuza muhogo taratibu. Akapapasa majani. Akayafunua machipukizi pale yalipoanzia, juu kabisa ya shina la zamani.

Chini ya kiti, Spidi alifumba macho.

Kituoni, kila shina la majaribio huchovywa ncha yake ya chini kwenye rangi ya buluu ili lisichanganyike na mengine. Na kwa kuwa Spidi aliyapindua, ncha ya buluu ilikuwa juu, inang'aa kama kucha ya bibi harusi.

"Mama," Dokta akauliza, na sauti ilikuwa imeshuka. "Hii rangi?"

"Ah, hayo ni mapambo! Kijana aliyenijengea uzio ndiye aliyepaka. Kijana ana adabu, halafu ana jicho la urembo."

Damu ilimwondoka Dokta usoni. Aliulaza muhogo mezani kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke.

"Hongera, mama," akasema. "Ni mbegu nzuri sana."

Shangwe zikapanda tena! Mtaalamu amekiri! Maabara imepiga magoti! Mwalimu Mstaafu alitafuta kengele, akakumbuka imekufa, akagonga meza kwa kijiko.

Lakini Dokta hakurudi kwenye kiti chake. Alipita katikati ya ukumbi moja kwa moja mpaka safu ya mwisho, akainama.

"Toka."

"Natafuta kalamu, Dokta."

"Spidi, toka."

Akatoka, vumbi magotini. Wakasimama nyuma ya spika kubwa, mahali ambapo mtu anaweza kunong'ona bila kusikika.

"Ni yetu?" Dokta akauliza.

"Ilikuwa yetu."

"Nilikuambia shimoni!"

"Nilikuwa naenda shimoni, Dokta. Uzio ndio ulikuwa njiani."

"Unajua ikijulikana imetoka nje? Wanafunga kituo. Shamba lote la majaribio linang'olewa, kazi ya miaka yote inakwenda. Wewe unarudi nyumbani, mimi napandishwa mahakamani." Alikuwa anatetemeka kuanzia vidole mpaka miwani. Spidi alimwonea huruma, na tena alishangaa kidogo, kwa maana hata siku paa la maabara lilipoezuliwa na upepo Dokta hakutetemeka hivyo.

"Basi tunyamaze," Spidi akasema. "Tukinyamaza, nani atajua?"

Hapo hapo kipaza sauti kikakohoa.

"Na sikuja mikono mitupu!" Mama Asili akatangaza. "Leteni!"

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Wanawake wakaingia wakiimba, vichwani wamebeba mafungu ya vijiti vya mihogo, vibichi, vimefungwa vizuri kwa kamba. Ukumbi ukanukia shamba.

"Hakuna atakayetoka hapa bila kijiti chake! Panda, kikue, mkatie na jirani. Mbegu mimi sijawahi kumnyima mtu!"

Dokta akamshika Spidi mkono kwa nguvu ambayo hakujua anayo.

"Zuia."

"Mimi?"

"Sijali utazuiaje. Hii haijaisha kupimwa, haijaruhusiwa, na hakuna hata mmoja hapa anayejua anapewa nini. Mimi naitetea, Spidi, miaka yote naitetea, lakini sitaki iingie kwenye mashamba ya watu kwa mlango wa nyuma. Zuia!"

*

Spidi Arobaini hakuwahi kusema neno mbele ya watu wengi. Hata kwenye sherehe za jamaa zake yeye ndiye anayepanga viti. Lakini fungu la kwanza lilikuwa limefunguliwa, na bibi mmoja wa safu ya mbele alikuwa amekwisha kubana vijiti viwili kwapani.

"Siafu!" akapiga kelele. "Vijiti vina siafu!"

Wanawake wakavikung'uta. Hakukuwa na siafu. Bibi akaongeza cha tatu.

"Simameni! Vijiti hivyo havigawiwi!"

Vichwa vyote vikageuka nyuma.

"Kwa nini visigawiwe?" Mama Asili akauliza.

"Kwa sababu..." Akamtazama Dokta. Dokta akatazama dari. Spidi akatazama dirishani, na pale alimwona fundi cherehani amesimama juu ya kiti, anarekebisha bango alilolishona mwenyewe, pini nne zimebanwa mdomoni. Ulimi wa Spidi ukafunguka bila ruhusa yake. "Kwa sababu ni vya posa!"

"Fafanua hoja," Mwalimu Mstaafu akasema kwa ukali. "Una dakika mbili."

"Uzio ule nilijenga mimi. Sikuujenga bure. Niliujenga kuposa. Na kwetu, kitu cha posa hakigawanywi kabla jibu halijatoka."

"Kwenu wapi huko?" mtu akauliza kutoka katikati.

"Mbali."

"Unamposa nani?" Mama Asili akauliza. "Mimi?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Kuna mzee alicheka mpaka akapigwa mgongoni na mkewe ili apumue.

"Hapana, mama! Yaani, si kwamba hufai, mama, heshima yako iko palepale. Namposa binti yako."

Vigelegele vilitoka kila kona. Fundi cherehani, juu ya kiti chake, alitaka kusema neno. Alisema "Mmm! Mmm!" kwa sababu ya pini, na watu wakaelewa ni furaha.

Mama Asili hakucheka tena. Alimtazama kijana huyu mwenye ovaroli iliyofifia, vumbi magotini, na macho yake yakalowa.

"Kumbe ulikuwa na lako moyoni," akasema taratibu. "Tangu mume wangu afariki hakuna mtu aliyeshika hata msumari nyumbani kwangu. Ukapita wewe, ukajenga, ukapaka na rangi, hukuomba hata maji. Kila asubuhi nikifungua mlango nilikuwa naujua moyo wa mtu kwa kuutazama uzio wake. Mwanangu, nimekubali."

Spidi alihisi ukumbi unazunguka. Amekubaliwa! Usiku ngapi amelala akifanya mazoezi ya maneno ambayo leo hata hakuyahitaji! Alitabasamu mpaka masikio yakasogea.

"Haya!" Mama Asili akainua mikono. "Jibu limetoka! Gawaneni!"

Mafungu yote yakafunguliwa kwa mpigo.

"Hapana!" Spidi akalia. "Hapana, mama, usikubali upesi hivyo!"

"Nini?"

"Nikatae kwanza! Nikatae kidogo tu! Hata wiki moja!"

Pini nne zilianguka sakafuni, moja moja, na kila mtu akazisikia.

"Umesemaje?" fundi cherehani akauliza.

"Si hivyo, mpenzi..."

"Umeniposa mbele ya watu bila hata kuniuliza. Umekubaliwa. Sasa unaomba ukataliwe?"

"Nina sababu yangu."

"Itaje."

Spidi akainama kutafuta kalamu tena. Fundi alimtazama. Kisha akautazama muhogo mezani, ile ncha ya buluu. Kisha akakitazama kiraka kwenye ovaroli ya Spidi, kiraka alichokishona kwa mikono yake mwenyewe, juu ya doa la rangi ambalo sabuni zote zilishindwa kulitoa.

Akashuka kwenye kiti. Akatoka nje bila neno.

"Umeona sasa?" Mama Asili akamwambia Spidi, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mchezo kwenye sauti yake. "Mwanangu analia huko nje."

*

Hapa ndipo ilipokuwa njia panda, wasomaji wangu, na msimcheke. Mimi ningekimbia.

Angeweza kunyamaza. Mama mkwe amepatikana. Fundi angebembelezwa, maneno yapo. Rangi ya buluu ingefutika kwa mvua moja. Vijiti vingeondoka, vingechipua, na baada ya miaka miwili nani angeuliza vilitoka wapi?

Lakini alimwona yule bibi wa safu ya mbele akivihesabu vijiti vyake kwa kidole, kwa raha, akipanga kimya kimya kipi ataweka wapi. Bibi huyo alitembea tangu alfajiri kuja kupinga mbegu za maabara. Alikuwa na kitambaa kichwani kilichoandikwa MBEGU YANGU, UHURU WANGU. Sasa alikuwa anaondoka nazo kwapani, amefurahi.

Spidi aliona haya. Akaenda mbele, akachukua kipaza sauti.

"Mama, huu muhogo si wa asili. Ni wa Dokta. Ni wa majaribio, ni ule mliokuja kuupinga. Niliambiwa nikauchome, nikajengea uzio, kwa sababu nilitaka uniangalie vizuri. Kosa ni langu. Vijiti naomba mvirudishe, hata kama binti sitampata."

Hapo kila mtu, kwa wakati mmoja, akakumbuka chai. Kwa maana asubuhi ile chai haikunywewa peke yake. Mama Asili alikuwa ameleta mihogo ya kuchemsha kutoka kwenye uzio uleule, masufuria kwa masufuria, mitamu ajabu, na kila mtu alikuwa amekula, na wengi walikuwa wamerudia.

Safu ya mbele, Bwana Tai, mwakilishi wa kampuni inayomiliki mbegu za vinasaba, alikuwa na kipande kinywani. Aliacha kutafuna. Akatoa leso ya hariri, akatema.

"Mbona unatema?" bibi wa vijiti akamuuliza. "Si yako?"

Dokta alikwenda mpaka kwenye sufuria, akachukua kipande, akala, akachukua kingine. Watu walimtazama akila, na baadhi walianza kutafuna tena, polepole.

Mama Asili alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jukwaa. Aibu ilimkalia mabegani na kila mtu aliiona.

"Nimeusifu mwenyewe," akasema. "Kwa mdomo wangu. Nimewalisha wenzangu kwa mkono wangu." Kisha akainua uso, na macho yalikuwa yamerudi kuwa ya Mama Asili. "Lakini niambieni kitu kimoja. Umeota kwenye uzio wangu. Udongo wangu, maji ya vyombo vyangu. Sasa huu muhogo ni wangu au ni wenu?"

Dokta akamtazama Bwana Tai.

Bwana Tai alijifuta midomo, akasimama, akarekebisha tai.

"Kisheria, mama, ni wetu. Popote unapoota."

"Na hicho kilichomo kwenye leso, nacho ni chenu?"

Ukumbi ulicheka mpaka madirisha yakatikisika. Bwana Tai akaitia leso mfukoni, akakumbuka ina nini, akaitoa.

Mama Asili yeye hakucheka. Akamgeukia Spidi.

"Nilikukubali kwa ajili ya uzio. Uzio kumbe si wako wala si wangu. Basi ulichoomba nimekupa. Nimekukataa."

Spidi akaitikia kwa kichwa. Aliweka kipaza sauti chini, akajisahau, akakitumbukiza kwenye chai.

*

Mlango mkubwa ulifunguliwa kwa teke.

Kwanza liliingia toroli. Nyuma ya toroli aliingia fundi cherehani, matope mpaka magotini, gauni limepasuka upindoni, panga kiunoni. Ndani ya toroli kulikuwa na uzio. Wote! Mashina, majani, mizizi, yote yamerundikwa, ncha za buluu zinachungulia kila upande.

"Nyumba yetu si mbali," akasema huku akihema. "Na ardhi imelowa. Shimo la kuchomea liko wapi?"

"Ulijua?" Spidi akanong'ona.

"Doa lako la buluu nimelisugua wiki nzima mpaka nikalishonea kiraka. Nitashindwa kulijua nikiliona juu ya muhogo?" Akamgeukia mama yake. "Sikuwa nalia, mama. Nilikuwa nang'oa. Nilitaka nirudi nikute ameshasema mwenyewe. Amesema?"

"Amesema," ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja.

Fundi akashusha pumzi, na kwa nukta moja uso wake ukawa mzuri kuliko mabango yote aliyoyashona. Halafu akaukaza tena.

"Vizuri. Mama amekubali, mama amekataa. Mimi sijaulizwa na mtu."

"Nakuuliza," Spidi akasema haraka. Hajawahi kufanya kitu haraka hivyo.

"Hili halijibiwi hapa kama kura. Sikiliza. Kila kijiti kilichotoka kwenye uzio ule kiingie shimoni, na mimi nione kikiwaka. Siku ya kijiti cha mwisho, njoo uniulize. Nitakujibu."

Spidi nusura acheze! Vijiti vyote si hivi hapa? Uzio uko kwenye toroli, mafungu yako mezani, bibi wa safu ya mbele alikuwa amekwisha kuvirudisha vyake huku akisonya. Jua halijafika hata utosini. Kabla ya jioni atakuwa amejibiwa! Watu walimpigia makofi, Mama Asili mwenyewe alificha tabasamu kwenye upindo wa mtandio, na mtu akaanza kuimba.

Dokta peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amevua miwani, anaifuta, anaifuta tena.

"Ngoja kwanza," Mama Asili akasema, na wimbo ukakatika. "Uzio wangu uko barabarani. Kila mtu anapita pale." Akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Nani kati yenu aliwahi kukata kijiti?"

Watu walianza kuvitazama viatu vyao.

"Semeni. Sigombi. Mtu akikata kijiti cha muhogo kwenye uzio wa mwenzake hakuna anayemwita mwizi, sote tumelelewa hivyo."

Mkono mmoja ukapanda taratibu. Ulikuwa wa Mwalimu Mstaafu, na kijiko bado alikuwa nacho.

"Vitatu tu," akasema. "Kwa ajili ya shemeji."

Ukapanda wa pili. Wa katibu wa chama. Ukapanda wa bibi wa vijiti. Halafu ikawa kama darasa ambalo mwalimu ameuliza nani anataka kwenda nyumbani: safu ya mbele, safu ya kati, waliokaa, waliosimama mlangoni, muuza maji aliyekuwa anapita nje akachungulia dirishani na kuinua mkono bila kuulizwa. Ukumbi mzima ulikuwa mikono.

Tabasamu la Spidi lilibaki usoni kwa kuwa alilisahau pale. Kichwani alikuwa anaendesha: nyumba ya Mwalimu, nyumba ya shemeji wa Mwalimu, nyumba za majirani wa shemeji. Kwa arobaini.

"Sawa," akasema hatimaye, na akajikaza. "Sawa. Nitazunguka kote. Nyumba kwa nyumba. Wote ni wa hapahapa, si ndiyo?"

"Spidi," Dokta akasema.

Mkono wake ulikuwa juu. Ulikuwa wa mwisho kupanda, na ulikuwa unatetemeka vilevile kama nyuma ya spika.

"Dokta?"

"Mama yangu aliniomba mbegu isiyooza. Shamba lake lote limekwisha. Ya kituoni siruhusiwi kumpa hata jani, na sikumpa, naapa. Nikasema basi nimtafutie ya asili, tena kwa mtu anayeaminika." Akamtazama Mama Asili kwa aibu. "Siku moja natoka kazini nikapita kwenye uzio wako, majani yamefunika, sikuona rangi. Nikakata. Nikafunga vizuri, nikampa kondakta wa basi."

"Mama yako anakaa wapi?" Spidi akauliza, ingawa hakutaka kujua.

"Ng'ambo ya mpaka."

Ukumbi ukaguna.

Fundi cherehani akaweka mikono kiunoni, kama mama yake siku ile ng'ombe alipoangusha uzio. "Na huyo mama yako ni mtu wa namna gani?"

Dokta akavaa miwani yake. Akamwonyesha kidole Mama Asili, mafungu ya vijiti, masufuria ya mihogo, ukumbi mzima uliokula ukashiba.

"Kama huyu wako," akasema. "Hajawahi kumnyima mtu."

Spidi Arobaini akatoa funguo za pikapu mfukoni. Kisha akatoka mbio kuelekea mlangoni, na waliokuwa karibu wanasema walimsikia akijiambia, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo, kwamba leo atakwenda sitini.